Joho la Kijani

Kaka yangu hujua mtu amesoma wapi kabla hajamjua jina. Ukipita mbele ya duka lake umevaa joho, haangalii uso wako. Anaangalia bitana inayochungulia kwenye mikono na utepe wa shingoni. Buluu iliyokolea ni Chuo Kikuu, kile cha serikali, cha zamani, chenye lango la chuma na walinzi wenye filimbi. Damu ya mzee ni kile cha binafsi cha wenye nazo, ambako hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanakuja na magari. Kijani, zambarau, machungwa na rangi nyingine zote ni vyuo ambavyo yeye huviita vya ghorofani, kwa sababu vingi vimepanga vyumba juu ya maduka. Watu wanamwita Fundi Majoho. Mimi ni dada yake mdogo, mpiga pindo wake, mpiga pasi wake, na mtu pekee anayeweza kumwambia ukweli akabaki na meno yake yote.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kirefu. Cherehani mbili zinatazamana karibu na mlango ili zipate mwanga, meza ya kukatia iko katikati, kaunta ya mbao iko kulia, na ukutani kuna bomba la chuma lililobeba majoho ya kukodisha yaliyobanana. Dirishani amesimama sanamu wa kuvalishia nguo, hana kichwa wala mikono. Tunamwita Profesa. Kwa miaka mingi Profesa hakuvaa kitu ila buluu. Siku moja nilimvalisha la zambarau ili mteja aliyekuwa ng'ambo ya barabara alione vizuri. Kaka alilivua mwenyewe kabla mteja hajavuka.

"Utanifukuzia watu," alisema.

Halafu kuna suala la lebo. Kaka alitengenezesha lebo zake mwenyewe, vitambaa vidogo vyenye picha ya mkasi na jina la duka, nazo huzishona ndani ya kola kwa mkono. Lakini si kila joho lilipata. La buluu lilipata. La damu ya mzee lilipata. Ya ghorofani aliniachia mimi, pindo na vifungo, yakatoka bila lebo. Nilimuuliza kwa nini, maana kitambaa ni kilekile cheusi na uzi ni uleule.

"Lebo ni jina langu," akanijibu. "Siliweki popote tu."

Sitaki mumwone kaka yangu mtu wa ovyo. Aliacha shule akiwa bado anavaa kaptula, baba yetu alipofariki, akaingia kwenye ufundi ili sisi wadogo tule. Hajawahi kukaa darasani tena. Ila kila msimu wa mahafali alipopeleka mzigo wa majoho Chuo Kikuu, walinzi walimfungulia lango bila kumuuliza kitambulisho, na msimamizi wa sherehe alimpa mkono na kumwita "fundi wetu". Alikuwa akirudi dukani na mkono huo kama umevunjika, haushiki mkasi mpaka ameshatusimulia yote. Mtu akiheshimiwa mahali pamoja tu duniani, anapapenda mahali hapo kupita kiasi. Hilo nalielewa. Nililoshindwa kulielewa ni lililompata Sindano.

Sindano ni binti yake, mtoto wake wa pekee. Tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa mwembamba, mwepesi, na ukimgusa vibaya anachoma. Alikulia chini ya meza ya kukatia, akicheza na vipande vya bitana. Kaka alimwambia tangu hajajua kusoma kwamba ipo siku atamshonea joho la buluu, na mtoto akawa anajifunga vipande vya buluu shingoni na kutukagua sote kama mkuu wa chuo. Tulicheka sana siku zile.

Matokeo yalipotoka, Sindano alifaulu, na alifaulu vizuri. Lakini Chuo Kikuu hawakumchukua. Walikuwa wengi waliofaulu vizuri zaidi, basi. Akapata nafasi kusomea kazi za maabara ya hospitali katika chuo cha binafsi kilicho juu ya duka la rangi za nyumba, mtaa wa nyuma ya soko. Ukipanda ngazi zake unanusa rangi mpaka mlango wa darasa. Bitana yao ni kijani.

Kaka hakumgombeza. Afadhali angemgombeza, yakaisha. Alinyamaza, akaendelea kushona, na wateja walipomuuliza, "Fundi, binti yuko chuo gani siku hizi?" aliinua kidevu kuelekea dirishani alikosimama Profesa na buluu yake. Hakusema uongo hata mara moja. Profesa alimsemea. Habari ikaenea mtaani kwamba binti wa Fundi Majoho yuko Chuo Kikuu, na Sindano akajikuta anavua kamba ya kijani ya kitambulisho na kuificha ndani ya mkoba kabla ya kukata kona ya nyumbani.

"Shangazi," aliniambia siku moja tukikunja majoho, "mimi naona raha kule. Walimu wananijua kwa jina. Mbona nikirudi huku nakuwa kama mtu aliyetoka jela?"

Nilimwambia baba yake atazoea. Nilidhani hivyo kweli.

Mwaka wa mwisho, mahafali yalipokaribia, Sindano alikuja dukani asubuhi na mapema, akasimama katikati ya chumba na kuinua mikono kama wateja wanavyofanya.

"Baba, nipime."

Sijawahi kumwona kaka yangu akipima mtu kwa upole namna ile. Alipitisha futi mabegani, kifuani, mikononi, na kila kipimo alikitaja kwa sauti ingawa hakuna aliyekuwa akiandika. Sindano alikuwa anatabasamu tu.

"Na lebo utaniwekea?"

"Nisipokuwekea wewe nimwekee nani?"

Alilishona yeye mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Hakuniruhusu hata kugusa pindo. Ana msemo wake, husema kila nikifanya haraka: suruali ikikosewa leo utairekebisha kesho, lakini joho ni nguo ya siku moja, siku yake ikipita imepita. Safari hii aliurudia akijiambia mwenyewe. Likakamilika, akamvalisha Profesa na kumwita binti yake aje kuliona.

Lilikuwa zuri, mabega yamekaa sawasawa. Na bitana yake ilikuwa buluu.

Sindano alilishika mkono, akaupindua ndani nje, akaurudisha.

"Baba, hili si langu."

"Ni lako. Utavaa twende studio, tupige picha moja ya ukutani. Siku yenyewe utachukua lolote pale kwenye bomba. Nani atakagua?"

"Wewe utakuja siku hiyo?"

Kaka akaanza kukusanya chaki mezani. "Jumamosi? Jumamosi watu wa Chuo Kikuu wanakuja kuchukua majoho yao. Nitafungaje duka?"

"Nitakwenda naye mimi na mama yake," nikasema, na nilisema kwa ukali. "Wewe baki na Profesa wako."

Studio hawakwenda. Sindano alichagua la kukodi pale kwenye bomba, la kijani, refu kidogo, nami nikalipunguza pindo usiku wa kuamkia siku yenyewe. Halikuwa na lebo. Joho la buluu likabaki dirishani.

Mahafali yao yalifanyika katika ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki, kipaza sauti kikikoroma. Kulikuwa na furaha pale ambayo sijaiona hata kwa wale wa lango la chuma. Jina la Sindano lilipotajwa, wifi yangu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Sindano alipanda jukwaani, akapewa cheti chake, akageuka kutazama watu. Hakututazama sisi. Alitazama mlango. Aliutazama mpaka mtu aliyemfuata akamgusa bega ili apite.

Sherehe ilipokwisha, wifi alikwenda nyumbani kuandaa chakula. Sindano akanishika mkono. "Twende dukani, shangazi. Nataka anione nalo kabla sijalivua."

Tulitembea barabarani naye akiwa ndani ya joho, kofia kichwani, kijani chake kikipepea hadharani mtaa mzima kwa mara ya kwanza. Watu walimpa hongera kulia na kushoto. Alikuwa anacheka. Nami nilijisemea moyoni kwamba kaka akimwona hivi, yatakwisha.

Dukani kulikuwa na mzee mmoja mstaafu na mkewe, wageni katika mtaa wetu, wamekuja kuchukua joho la mtoto wao, la buluu. Kaka alikuwa amewaonyesha lile la Profesa, na nilipokanyaga kizingiti nilimsikia mzee akisema, "Kumbe na wako yuko na wetu kulekule! Lazima watakuwa wanafahamiana." Hapo hapo Sindano akaingia. Mzee akageuka, akamtazama juu mpaka chini kwa furaha.

"Hongera sana, binti! Umemaliza wapi?"

Kaka alimjibia. Alimjibia haraka, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi aliyokuwa akifungia.

"Huyu ni mteja, amekuja kurudisha." Kisha akasema, "Weka hapo kaunta, dada."

Dada. Ndivyo anavyowaita wasichana wote wanaokuja kukodi. Nilifungua mdomo nimpasulie ukweli pale pale mbele ya wageni wake, lakini Sindano alinibana mkono kwa nguvu. Alivua kofia. Akavua joho, akalikunja kama alivyofundishwa utotoni chini ya meza ile, mikono ndani, kola juu, akaliweka kwenye kaunta.

"Asante, fundi," akasema.

Akatoka. Nilimchukia kaka yangu siku ile, na sitafuti neno laini zaidi.

Nyumbani tulikula, tukalala. Asubuhi Sindano alimwamkia baba yake, "Shikamoo, fundi." Kaka akacheka kidogo, akidhani ni utani wa hasira utakaopoa. Haukupoa. Hakuwa anamkosea adabu. Alimtengea maji, alimpigia pasi shati, alimjibu kila alipoulizwa. Neno moja tu, "baba", ndilo lililotoka kinywani mwake likaenda zake. Muda si mrefu akapata kazi katika maabara ya hospitali, mji wa mbali, wakati watoto wengi wa buluu bado wanazunguka na bahasha. Akawa anapiga simu kwa mama yake, na mwisho wa kila simu anasema, "Msalimie fundi."

Mstaafu na mkewe walirudi baadaye na suti ya kupunguza. Watu wema, wanapenda mazungumzo. Mke akauliza, "Na mahafali ya binti yako yalikwendaje? Tulimtafuta hata hatukumwona."

Kaka alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake.

"Mlimwona," alisema. "Ndiye yule aliyeingia hapa na la kijani."

Mama yule akauliza tena. "Yule uliyemwita dada?"

 Walipoondoka, kaka alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya siku ya mahafali ya mwanawe. Akamvua Profesa, akakaa chini na kuanza kufumua ile bitana ya buluu, mshono kwa mshono. Niliona machozi yakidondokea kitambaa cheusi na sikumpa pole. Siku zilizofuata alitia kijani, akalipiga pasi, akamrudishia Profesa dirishani, watu wote waone. Aliyeuliza aliambiwa: ni la binti yangu, amesoma pale juu ya duka la rangi. Alisema hata kwa wasiouliza.

Na hakuna mteja aliyekimbia. Wa buluu walikuja, wa damu ya mzee walikuja, wakapimwa, wakaenda. Hilo liliniuma kuliko yote. Kumbe muda wote ule hakuna aliyekuwa akiangalia.

Sindano alikuja msimu wa mvua, akiwa safarini kikazi, akapita kutuona mchana mmoja. Amenenepa kidogo, amependeza, amekuwa mtu mzima. Alimwona Profesa tangu barabarani. Aliingia, akatusalimu, akasimama mbele yake. Kaka akamvua Profesa joho lile, akampindulia bintiye kola. Lebo ilikuwepo, mkasi na jina, imeshonwa kwa uzi wa kijani.

"Lijaribu," alisema. "Nimeacha nafasi kwenye mishono. Likibana nitalilegeza."

Alilivaa. Halikubana. Kaka akazunguka nyuma, akanyoosha bega ambalo halikuhitaji kunyooshwa, akarudi mbele, akangoja.

Sindano alijitazama kwenye kioo kirefu. Niliona uso wake ukilegea, nikadhani sasa, sasa atalisema lile neno.

"Limenikaa vizuri," alisema taratibu. "Umeshona vizuri sana. Ila sasa nilivae wapi?"

  Sindano alilivua bila haraka, akalikunja, mikono ndani, kola juu, akaliweka juu ya kaunta, mahali palepale. Akanikumbatia mimi kwa muda mrefu. Akampa baba yake mkono.

"Asante, fundi. Basi langu linaondoka."

Kaka alimfuata mpaka mlangoni. Nilimwona akifungua mdomo, akiufunga, akiufungua tena, na mtoto ameshafika barabarani. Kilichomtoka mwishowe ni kile anachowaambia wateja wote.

"Karibu tena."