Siku Niliyopaa Anderlecht

"Wewe Ulaya utaiona kwenye kalenda," mjomba aliniambia mbele ya watu, kule kwetu Kigoma, na wengine wakaongezea kwamba hata nikifika sitasoma, nikisoma sitamaliza, na nikimaliza hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayenipa binti yake. Leo stashahada yangu ya ufundi wa mitambo ya baridi, niliyoisomea Brussels, imetundikwa sebuleni kwenye fremu ya dhahabu (rangi tu, si madini), na vyumba vya baridi vya samaki nilivyovifunga kwa mikono yangu vinanguruma usiku na mchana. Kwa hiyo mtu kama mimi anaweza kusimulia aibu yake bila kumwogopa yeyote. Maana niliaibika, jamani, niliaibika mbele ya kwaya nzima ikiwa na ngoma yake.

Ilikuwa miaka ya tisini. Siku za wiki nilisoma, Jumamosi nilibeba kreti za bia kwenye ghala moja la Anderlecht, mtaa wa kule kule Brussels, na mwenzangu wa kubeba alikuwa Mwaustralia aitwaye Colin, mrefu kama mlingoti, mwenye goti lililolia kila alipoinama. Zamani alikuwa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kwao, ule wa mikono na miguu, na tukikaa juu ya kreti kupumzika alinieleza uwanja mkubwa wa mviringo, watu wamejaa mpaka karibu na mawingu, mpira wenye umbo la papai unashuka polepole kutoka angani, nawe unapanda mgongo wa mpinzani kama ngazi (inaruhusiwa kabisa!) na kuudaka.

"Kazi yangu ilikuwa kuruka," alisema. "Huko juu hakuna kelele. Ukijumlisha muda wote niliokaa hewani ni dakika chache tu, kisha goti likaisha, na kazi ikaisha. Lakini bado naishi kwenye dakika zile."

Basi nami nikaanza kuishi humo. Nilipanda metro nimefumba macho, treni ikiyumba mimi naelea juu ya majani mabichi ya nchi nisiyoijua, mkono wangu umenyooka, papai linakuja taratibu kama limetumwa kwangu. Siku moja Colin alinirushia mpira uani, nami (kwetu nilikuwa kipa wa timu ya wilaya, mjue) nikaudaka kwa mkono mmoja. Akasema, "Ungezaliwa kwetu ungelipwa." Ni hilo tu alilosema.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nyumbani kwa Papa Anselme, kiongozi wa kwaya ya Wakongo wa Bukavu niliyoimba nayo, na siwafichi, kilichonipeleka kule hakikuwa chakula, alikuwa binti yake Noëlla. Mzee akaniuliza, "Mwana, ukimaliza masomo utafanya nini?" Jibu lilikuwa fupi: mafriji. Lakini Noëlla alikuwa anatoa sahani mezani, na neno mafriji likaonekana baridi mno, nikasema, "Papa, kuna Waaustralia wanataka kunichukua nikacheze mpira wa kulipwa."

Noëlla akasimama na sahani mkononi. Mzee akafikiri. "Bon," akasema, "tutakuja kuona."

Nilidhani "tutakuja" ni yeye na mkewe. Kumbe ni kwaya yote, na ngoma, na masufuria ya sombe, kisamvu chao! Colin na Waaustralia wenzake wa Brussels walicheza kila mwezi kwenye uwanja wa pembezoni mwa Anderlecht, na nilipomsihi aniingize alikubali bila kuuliza. Viatu akaniazima yeye, soksi ndefu akaniazima Papa Anselme, na bukta nikaazima kwa Tonton Ghislain, mwimba besi wa kwaya, mtu mwenye tumbo la kutosha watu wawili. Nikaikusanya kiunoni kwa pini moja. (Pini moja! Mtu anayejua kupiga hesabu za kompresa!)

"Kipa iko wapi?" Maman Béatrice, mama yake Noëlla, aliuliza alipoona goli lina nguzo nne na hakuna mlinzi.

"Hakuna kipa, Maman."

"Na ule muntu anapanda mwenzake mugongoni? Arbitre! Refa, unaona?"

Colin naye alimwona Papa Anselme, amevaa suti, uso wa hukumu, akasema huyo ndiye mwamuzi wa goli tunayemhitaji. Akavishwa koti jeupe refu kama la daktari, akapewa vibendera viwili, nami nikamtafsiria: mpira ukipita kati ya nguzo mbili za katikati ni alama sita, unapeperusha vyote viwili, ukipita pembeni ni alama moja ya kupozwa moyo, unapeperusha kimoja. "Donc kukosa kunalipwa," alisema, akaenda kusimama kwenye nguzo kama anayelinda altare.

Muda mrefu sikuugusa mpira. Kisha Colin akaupiga juu sana, ukapotea kwenye mwanga, ukaanza kurudi, na mbele yangu kulikuwa na jitu moja lenye nywele nyekundu. Nikakimbia, nikaweka goti mgongoni mwake, nikapaa.

Ilikuwa kweli, hakuna kelele. Niliona mapaa ya maghala, moshi mweupe umesimama, mwanamke akianika shuka kibarazani, tramu ikipita bila sauti, na Noëlla ameziba mdomo kwa mkono. Nikasema moyoni, ameduwaa. Mpira ukaingia viganjani mwangu kama mtoto anayerudi kulala. Na upepo, nakumbuka niliuona upepo mtamu mapajani, nisijiulize umepitia wapi.

Nilipotua, ngoma ilikuwa imenyamaza. Bukta ilikuwa mkononi mwa lile jitu, pini imefunguka, nami nimesimama na chupi niliyotoka nayo Kigoma, yenye tundu upande nisioutaja.

Sasa sikieni sheria yao. Ukidaka vizuri, mchezo unasimama, mpinzani anabaki palepale ulipodakia, na wote wanakungoja upige. Basi wakaningoja! Kwa heshima zote, kama wako kanisani. Jitu likasimama wima na bukta yangu, halithubutu kusogea.

"Colin! Bukta!"

"Piga kwanza! Ukiuachia mpira unapoteza haki yako!"

"Banamuke, mufunge macho!" Maman Béatrice alikuwa ameshaingia uwanjani, akifungua kitenge chake cha juu, akanifunga nacho kiunoni akakaza kama mzigo. "Alors, piga sasa, twende."

Mjaribu kupiga mpira ndani ya kitenge. Uliyumba, ukapita pembeni. Papa Anselme akautazama, akanitazama, akapeperusha kibendera kimoja.

Wakati wa kuondoka aliniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniua: "Mwana, ni kwa ile ndiyo batakulipa?"

Sikurudi kwao miezi mingi. Nilisoma kama mtu anayekimbizwa, na nikaapa sitavaa tena nguo ya mtu wala kutaja kazi ambayo sijaisomea.

Siku niliyopata stashahada nilitia vitu kwenye mfuko nikaenda kuwalipa walioniazima. Colin nilimrudishia viatu ving'aavyo, akavigeuza mkononi, akaniuliza tu, "Ulikaa muda gani juu?" Nikamwambia, bado sijashuka. Kwa Papa Anselme nilimkuta Tonton Ghislain, nikampa bukta yake imepigwa pasi, na lastiki mpya. Mzee nikampa soksi. Maman Béatrice nikampa kitenge, na kingine kipya juu yake.

"Miye nilishakuona mwili muzima mbele ya kwaya," alisema. "Sasa utaenda kuoa wapi?"

Noëlla, mlangoni, akacheka mbele yangu kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nami nikapata nguvu za kusema kilichonileta. Papa Anselme akaisoma stashahada mstari kwa mstari.

"Kumbe ni mafriji."

"Ni mafriji, Papa."

Akainuka, akaingia chumbani, akakaa huko hata Tonton Ghislain akaanza kukohoa. Aliporudi alikuwa na vile vibendera (Colin hakuwahi kuvidai). Akasimama katikati ya sebule, wima, uso wa hukumu, akavipeperusha vyote viwili.