Paa la gari langu halivuji, shida ni paka

Mvua imepiga Mkuyuni leo na gari langu halijaingiza hata tone!

Si mlisema paa la turubai halizibiki?

Mimi ni mtoto wa Nansio, kisiwani kwa wavuvi. Turubai zetu tulizipaka mafuta ya samaki sangara, maji yakateleza yenyewe. Jana nikalipaka gari langu hivyo hivyo, maana Jumamosi linampeleka mjukuu wangu Neema kanisani kuolewa.

Mvua ilipoanza nikamkalisha bibi yake ndani. Katoka mkavu kabisa!

Mvua kukatika tu, paka wa mtaa mzima wako juu ya paa, wanaramba.

Na Neema huyo anafika.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeona paa?"

"Harufu nimeisikia tangu barabarani. Babu, niingie kanisani na shela linanuka sangara? Napanda gari la mjomba."

La mjomba? Niliyemzaa mimi?

Sasa hivi nasugua kwa sabuni na ndimu. Likikauka napaka nta.

Mwenye dawa ya harufu ya sangara aandike hapa chini. Wanaocheka, Jumamosi mtakuwa kwenye msafara nyuma yangu, na bibi harusi ninaye mimi.