Spika ya Kwaya na Spika ya Maulidi

Sisi tuliokulia Mtendeni tulikuwa tunaazimana sauti kama watu wanavyoazimana kinu. Redio moja ilitosha nyumba nne, na mwenye betri mpya alikuwa na wageni wengi kuliko mwenye harusi. Leo binti yangu Rahma ana vispika viwili vidogo kama punje za karanga, kavichomeka masikioni, namwita mara nne ndipo aseme, "Abee mama, umesemaje?" Zamani mtu akikohoa mtaa wa pili tunamjua kwa jina!

Lakini kuna siku masikio ya mabibi zetu wote yalizima kwa pamoja, na siku yenyewe ilikuwa siku yangu.

Nilikuwa na miaka kumi, nimechaguliwa na chuo chetu cha Kurani kusoma kaswida peke yangu kwenye maulidi ya akina mama, uani kwetu. Aliyenifundisha ni bibi yangu, Bibi Nyamizi, aliyemzaa baba. Kila asubuhi tukikaa kukata viazi vitamu vya michembe, vile vya kuanikwa juani, ananisomesha mstari mmoja. Nikikosea narushiwa ganda la kiazi. "Mke mwenzangu, hapo unasoma au unaita mbuzi? Rudia hapo!" Bibi hakuwahi kuacha kosa lipite. Kwake kosa lilikuwa kama nzi kwenye maziwa.

Ila masikio yake yalishaanza kuchoka. Siku moja akaniambia, kisu mkononi, "Mimi sitaki zawadi. Nataka siku hiyo nikusikie herufi kwa herufi. Mwakani sijui kama haya masikio bado yatakuwa yangu." Maneno hayo niliyabeba kama yai.

Baba naye akayabeba. Chuo kilikuwa na spika moja tu, ile ya mdomo mpana kama tarumbeta. Akaenda kuazima ya pili kwa rafiki yake Mzee Bonifasi, mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya kigangoni kwao. Ikaja na basi, imefungwa kwenye gunia, inanuka tumbaku. Majirani wakaanza: "Ya kwaya na ya maulidi, zitapatana kweli?" Baba akajibu, "Spika haijui dini, inajua betri."

Asubuhi ya siku yenyewe Fundi Sadala akatundika moja kulia na nyingine kushoto, akaunga waya, akapiga mluzi mrefu kwenye maiki. Fiiiiiii! Mimi na rafiki yangu Zuhura tukakatiza ua mbio, na hapo tukagundua maajabu. Ukikimbia, mluzi unakuja, unapotea, unakuja, unapotea! Fundi hajanyamaza, mashavu bado yamemvimba. Tukawa tunafumba macho na kutembea, anayefika penye kimya anapiga kelele "Nimezama!", tunachora mstari kwa kijiti. Mistari ikatawanyika uani kama vidole vya mkono. Tulicheka mpaka Zuhura akakaa kwenye beseni la vitunguu.

Fundi akaacha mluzi, akaanza kuhesabu moja mbili tatu. Mistari mingine tukaiona haina nguvu tena, lakini ule wa katikati kabisa, ulio sawasawa kati ya spika mbili, ulikuwa umekufa. Hapo sauti ilikuwa kama nyuki ndani ya mzinga uliofunikwa. Ukitoka hatua mbili tu, inarudi.

Tukamkimbilia fundi. "Fundi, katikati hakusikiki!" Naye kasimama chini ya spika, inampigia kichwani. "Tokeni hapa! Hampendi shule, mnapenda spika!"

Kugeuka, nakuta mama zangu wadogo wanapanga viti vya heshima. Wapi? Palepale katikati, kufuata mstari wetu. Na kiti cha kwanza cha Bibi.

Nikamwendea. "Bibi, njoo ukae kule pembeni ya ua, jikoni, kunasikika vizuri."

"Nikae na masufuria? Siku ya mjukuu wangu? Potea!"

Basi tukapanga mpango na Zuhura.

Baada ya alasiri nikashika maiki. Nikaangalia mbele: mabibi sita wamepangika kama vikombe vya kabatini, wote wanatikisa vichwa, kila mmoja kwa mwendo wake! Kumbe kila mmoja alidhani ni yeye tu masikio yamemfia, akaona aibu kusema. Nikajaribu. Mstari wa tatu nikaukosea kwa makusudi, kosa kubwa la kurushiwa kiazi kizima. Bibi akatabasamu, akatikisa kichwa. Maskini, hakunisikia hata kidogo.

Nikamkonyeza Zuhura. Zuhura akajipenyeza, akamfokea sikioni: "Bibi, pilau inaungua!"

Jamani! Bibi Nyamizi angeweza kuachia kiti chochote duniani kwa ajili ya pilau. Aliruka, khanga inabaki nyuma, akafika jikoni, akanyakua mwiko. Na palepale sauti ikamfikia yote. Nikamwona amesimama, mwiko juu, mdomo wazi. Kwa furaha ile nikateleza mstari, safari hii kwa kweli.

"Mke mwenzangu!" akapaza toka jikoni. "Rudia hapo!"

Ua mzima ukaangua kicheko, nami nikarudia huku machozi yananitoka. Nilipomaliza Bibi akapiga vigelegele, akaenda kuwavuta wenzake mmoja mmoja: "Inukeni, si masikio yenu, ni hapa mahali!" Viti vya heshima vikabaki vitupu, mabibi sita wote wamebanana kati ya masufuria.

Ule uongo wa pilau nimeutubia mara nyingi. Tatizo kila nikitubia nacheka, inabidi nitubie tena.

Mtaani ikasemwa kwamba spika ziligombania dini. Hata mimi niliamini, mpaka nilipokuwa na watoto watatu nikarudi kusoma masomo ya jioni, daftari mkobani pamoja na nyanya. Mwalimu, kijana wa kumzaa, akachora mawimbi ubaoni. Akasema waya za spika moja zikigeuzwa, hii inasukuma hewa wakati ile inaivuta, na kwa anayekaa katikati sauti zinafutana, hapati kitu. Nilicheka mpaka akaweka chaki chini. "Mama, kuna tatizo?" Nikamwambia, "Hakuna, mwalimu. Umenisafishia jina la kwaya."

Bibi hakupata maulidi mengi baada ya yale. Mwaka huu uani palepale ilikuwa zamu ya Rahma kusoma. Spika za siku hizi ni ndefu kama makabati, na fundi wake anazipima kwa simu. Nikaketishwa katikati, kiti cha mama mtu, na kweli panasikika, hata pumzi. Hakuna wa kuinuka kutafuta sauti iko wapi siku hizi, inakufuata yenyewe. Raha tupu, lakini nilijiona kama nimekaa nyumba ya watu.

Nikabeba kiti changu, nikahamia jikoni. Rahma akainua macho, akanikosa katikati, akanitafuta, akaniona kwenye masufuria. Akacheka, akateleza mstari.

Nikaokota mwiko, nikasimama.