Mguu wa Kushoto wa Mzee Shabani

Siku yangu ya kwanza kazini, Fomeni wa karakana alinipa sahani ya chuma iliyobabuka akaniambia niinuse.

"Nusa, binti. Haiumi."

Nikainusa. Ilinuka kama nywele zilizoungua.

"Hiyo ni klachi," alisema. "Na aliyeiunguza yuko pale nje anakunywa chai, anamwambia kila mtu kwamba gari ni bovu."

Karakana yetu ilikuwa upande wa Gerezani, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kariakoo, mali ya shirika ambalo siku hizi halipo. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, mwanamke peke yangu kati ya mafundi kumi na wanne, na niliogopa kila kitu. Niliogopa jeki kuteleza nikiwa chini ya gari. Niliogopa nati niliyoikaza mwenyewe kwa mikono yangu miwili. Nikifika nyumbani nilikuwa najiuliza kama kweli niliikaza. Hofu hiyo sikuwahi kupona. Nimestaafu nayo mwaka juzi, na nadhani ndiyo iliyonifanya niwe fundi wa kuaminika. Mara moja tu hofu ya aina nyingine iliizidi nguvu, na hicho ndicho ninachotaka kuwasimulia nyinyi mnaoanza kazi sasa.

Kwanza niwaeleze klachi, maana wengi wenu mmekulia kwenye magari ya otomatiki. Injini huzunguka muda wote, lakini magurudumu yana wakati wa kusimama. Katikati yake kuna pleti, sahani nyembamba iliyovalishwa kitambaa kigumu kama cha breki. Pleti hiyo hubanwa kati ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na kifuniko chenye springi tunachokiita presha pleti. Ukikanyaga pedeli, pleti inaachiwa na injini inazunguka bure. Ukiachia pedeli, inabanwa na gari linaondoka. Ukiishikilia pedeli nusunusu, pleti inateleza, inasuguana, inapata moto. Ukifanya hivyo kila siku, inaisha kabla ya wakati wake.

Fomeni alikuwa mtu wa Tanga, mpole wa sauti, mkali wa macho. Hakuniruhusu kufunga klachi mpya kabla sijamweleza ile ya zamani ilikufaje.

"Klachi haijiui," alikuwa anasema. "Kuna mtu na tabia yake. Usipoijua tabia, utaifunga nyingine hapo hapo baada ya miezi mitatu."

Basi nilijifunza kusoma. Beringi inayosukuma presha pleti ikiwa imelika mpaka imelegea, ujue dereva anapumzisha mguu juu ya pedeli anapoendesha, kama mtu aliyeweka mguu kwenye kigoda. Flaiwili ikiwa na madoa ya buluu, ujue anasimama kwenye mlima kwa kubalansi, yaani analizuia gari lisirudi nyuma kwa klachi na mafuta badala ya kuvuta hendibreki. Springi za pleti zikiwa zimekatika, huyo anaondoka na gia namba mbili akiwa na mzigo, au anaachia pedeli ghafla kama amekanyaga kaa la moto. Katika foleni za Kariakoo, pale Msimbazi ambapo gari hutembea hatua tatu na kusimama, tabia zote hizo hukutana kwa dereva mmoja ndani ya saa moja.

Shirika lilipofungwa, nilikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla, Mchaga wa Rombo, aliyekuwa na malori manne ya kusambaza bidhaa. Tulimwita Mwenye Mali. Hapo nilifunga klachi nyingi kuliko popote, kwa sababu malori yalibebeshwa kupita kiasi na madereva walikimbizwa. Nilipojaribu kusema, alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Fundi, wewe shughulika na chini ya gari. Juu ya gari niachie mimi."

Nilivumilia miaka kadhaa. Kisha nikapata kazi kwenye kampuni ya mabasi ya wanafunzi, na hapo ndipo nilipokaa mpaka mwisho. Mkurugenzi alikuwa Mhindi aliyezaliwa na kukulia Kisutu, mtu wa taratibu. Kila asubuhi fundi mkuu alikagua basi na kusaini kitabu kabla halijatoka getini. Fundi mkuu nikawa mimi. Ndani ya mabasi yale walipanda watoto wa Kariakoo, wa Upanga, wa Magomeni. Kila nilipoweka saini nilihisi nimeshika mikono yao midogo yote kwa pamoja.

Dereva bora pale alikuwa Mzee Shabani. Alikuwa amepita miaka sitini, mwembamba, shati limepigwa pasi sikuzote. Nilipofika mara ya kwanza, madereva wengine walicheka kusikia kwamba fundi ni mwanamke. Yeye alinyanyuka kwenye benchi akanikabidhi ufunguo wa basi lake.

"Shikamoo, Mzee," nilimwambia.

"Marahaba, mdogo wangu. Anza na langu. Nikiona liko vizuri, hawa wengine watanyamaza."

Na walinyamaza. Kwa miaka saba klachi ya basi lake nilibadilisha mara moja tu, tena kwa uzee wake halali. Ukipanda naye hukusikia gia inaingia.

Halafu, katika mwaka mmoja, nikafungua klachi yake mara tatu.

Ya kwanza nilidhani ni pleti feki, kwa kuwa Kariakoo vipuri feki havikosekani. Ya pili nilitafuta mafuta yanayovuja, sikuyaona. Ya tatu niliiweka juu ya meza na kuitazama kwa muda mrefu. Flaiwili ilikuwa na madoa ya buluu. Beringi imelika. Tabia zote mbaya nilizofundishwa kuzisoma zilikuwa pale, za mtu ambaye hakuwa nazo. Mkurugenzi alishaanza kuuliza. Madereva wenzake walishaanza kusema kwamba Mzee amezeeka na amekuwa mzembe. Mimi sikuamini uzembe.

Jumatatu moja mchana Mzee Shabani alikuwa anatawadha kwenye bomba la karakana, anajiandaa kwa swala ya adhuhuri. Alipoondoka kwenda kuvaa kandambili, niliona kwenye saruji iliyolowa alama ya unyayo mmoja wenye damu. Wa kushoto.

Nilimwambia akae. Nikainua mguu wake, naye alicheka kidogo kwa aibu. Chini ya kisigino kulikuwa na skrubu ndogo ya chuma imezama yote. Kidonda kilishaanza kutunga usaha. Hakikuwa cha siku hiyo.

"Mzee, huisikii hii?"

Aliinama, akatazama. Uso wake ulibadilika, lakini si kama mtu anayeshangaa. Ni kama mtu aliyefumaniwa.

"Ni sukari," alisema. "Daktari aliniambia itaanzia miguuni. Ule wa kulia bado uko vizuri. Huu wa kushoto, tangu mwaka jana, ni kama nimevaa soksi nene."

Hapo nikaelewa klachi zote tatu. Mguu ulikuwa unabaki juu ya pedeli kwa sababu hakujua kwamba uko pale.

"Lazima niandike, Mzee Shabani."

"Najua." Alishusha mguu chini. "Ijumaa shule zinafungwa. Niache nimalize muhula, nimuage Mkurugenzi mwenyewe kwa mdomo wangu. Nisiondolewe kama mwizi. Nakuomba siku hizo tu, Vero."

Hakuwahi kuniita Vero kabla ya hapo. Sikuzote alikuwa ananiita Fundi. Nilifikiria ule ufunguo alionikabidhi mbele ya watu. Niliogopa kumvunjia heshima kuliko nilivyoogopa barabara. Nikamwambia sawa.

Jumanne nilisaini kitabu kisha nikapanda naye, nikasema nataka kusikiliza giaboksi. Nilisimama nyuma ya kiti chake nimeshika bomba kwa mikono miwili. Watoto walikuwa wanaimba. Tulipofika kwenye taa za barabarani pale Fire akasimama kwenye kimwinuko, na nikamwona anatazama chini. Dereva aliyeendesha zaidi ya miaka thelathini alikuwa anaangalia mguu wake ajue uko wapi.

"Hendibreki, Mzee," nilinong'ona.

"Ndiyo, ndiyo," alisema, akaivuta.

Jumatano na Alhamisi nilisaini kitabu. Nilirekebisha pedeli yake ikawa ngumu zaidi, nikidhani labda ataisikia. Nilikaza hendibreki mpaka ikawa inashika mapema, ikivutwa meno matatu tu. Mchana sikuweza kula. Kila basi lilipokawia, nilikwenda getini na kurudi, nikiwa nimeshika spana ambayo sikuwa na kazi nayo.

Alhamisi mchana mvua ilinyesha. Jangwani maji yalishaanza kupanda barabarani, na foleni ya kutoka pale kupanda Magomeni ilisogea kwa shida. Basi la Mzee Shabani lilisimama kwenye mwinuko, nyuma yake kuna mkokoteni wa vitunguu. Hakuvuta hendibreki, kwa kuwa gari la mbele lilikuwa linasogea kidogokidogo, naye akalizuia basi kwa kubalansi. Alisema baadaye kwamba alidhani mguu umetulia. Kumbe ulikuwa unazama taratibu, mpaka pedeli ikafika chini, klachi ikaachia yote, na basi likaanza kurudi nyuma. Mguu wa kulia ulifika kwenye breki, lakini kwa kuchelewa.

Msukuma mkokoteni aliruka pembeni akachubuka mkono. Mkokoteni ulipasuka na vitunguu vikaelea kwenye maji ya matope. Ndani ya basi, mtoto wa kike wa darasa la pili alijigonga kwenye bomba la kiti akavunjika jino la mbele, jino la utu uzima ambalo lilikuwa limeota karibuni. Niliitwa nikalirudishe basi. Nilimkuta mtoto huyo amekaa ngazini, amejifunika mdomo kwa kitambaa cha Mzee Shabani. Hakuwa analia. Alinitazama tu, na kitambaa kilikuwa chekundu.

Jioni ileile Mkurugenzi alituita ofisini sote wawili. Mzee Shabani alikuwa ameshamweleza kila kitu kuhusu mguu. Mkurugenzi alikuwa na kitabu cha ukaguzi mbele yake.

"Fundi Vero, basi hili umelisaini asubuhi, na jana, na juzi. Ulijua lini kuhusu mguu wake?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani. Hilo lilikuwa jepesi kuliko yote.

"Leo, Bwana Mkurugenzi," nilisema. "Baada ya ajali."

Nilisikia mvua kwenye mabati. Mzee Shabani alikuwa amesimama kando yangu ameegemea ukuta. Hakugeuka kunitazama.

"Ni kweli," alisema. "Sikumwambia mtu."

Aliondolewa siku iliyofuata, Ijumaa, kwa barua. Ndiyo siku aliyokuwa ameiomba aage kwa mdomo wake. Hospitali walimkata vidole viwili vya ule mguu, kidonda kikapona, akaishi miaka sita zaidi nyumbani kwake Buguruni akitembea na fimbo. Nilikuwa nakwenda kumwona. Nilikuwa napeleka mchele, maharage, kitenge cha mkewe Bi Mwanaidi wakati wa Idi. Tuliongea habari za mabasi. Habari ya Jumatatu ile hatukuigusa hata mara moja, mpaka tukamzika.

Niliendelea kusaini kitabu miaka yote hiyo. Nilikuwa mkali kupita kiasi, madereva walinilalamikia. Nilipobadilisha klachi nilidai kuuona mguu wa dereva, nikamwambia avue kiatu, nikagusa unyayo kwa ncha ya bisibisi na kumuuliza anasikia nini. Walidhani ni kichaa cha uzee. Wawili kati yao niliwapeleka kupima sukari, na mmoja alikuwa nayo.

Siku ya kuniaga, Mkurugenzi alisimama mbele ya wafanyakazi akasema kwamba hajawahi kupata mtu mwaminifu kama mimi. Watu walipiga makofi. Nilishikilia meza. Nilikuwa na nafasi ya kusema, kipaza sauti nilipewa mkononi, nikashukuru kwa zawadi na kukaa.

Ilinichukua miezi mingine minne kufika kwa Bi Mwanaidi mikono mitupu. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia yote. Skrubu, siku alizoomba, uongo wangu ofisini. Alinisikiliza akichambua mchele kwenye ungo. Hakuacha kuchambua.

"Mzee aliniambia jioni ileile ya ajali," alisema nilipomaliza. "Alisema, nimemwomba Vero kitu ambacho mtu mzima haombi, na amenipa. Nikamuuliza kama wewe umetajwa. Akasema hapana, inatosha mmoja."

"Kwa hiyo miaka yote umejua."

"Nimejua."

"Mbona hukuniuliza, Bi Mwanaidi?"

"Wewe ulikuwa unaleta mchele na kuondoka," alisema. "Ningekuuliza saa ngapi?"

Nilishukuru kwa kusikilizwa, lakini sikutoka pale nikiwa mwepesi kama nilivyotarajia. Nyinyi mnaoanza kazi, mkifungua klachi iliyoungua, msiishie kusema dereva ni mzembe. Mwulizeni, mtazameni mguu wake, na mkishajua jambo, liandikeni siku hiyohiyo kabla mtu hajawaomba msiandike. Kuombwa na mtu unayempenda ni kugumu kuliko kazi yoyote ya spana.

Yule mtoto aliyevunjika jino sasa ni mtu mzima. Jina lake la kwanza nalikumbuka, na mtaa aliokuwa akishukia huko Magomeni naujua. Wiki iliyopita nilikwenda, nikagonga milango miwili. Nyumba ya tatu walisema wanaifahamu familia hiyo, ilihama, na wakaniuliza ninamtafuta kwa shida gani. Nilisimama pale mlangoni, nikawaambia ukweli wote, tangu Jumatatu ya skrubu.