Sakafu ya Kikanisa cha Kilimani

Mwezi uliopita tulimzika mama. Wanawake walipoanza kusiriba sakafu ya nyumba yake, harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe na majivu ilinifikia uani, nikashindwa kuingia.

Harufu hiyo ni ya kikanisa cha hija kilichoko kilimani, upande wa Itiryo. Mawe ya kuta zake wanawake waliyapandisha kichwani enzi za bibi yangu, mwaka mvua ilipogoma. Ndani kulikuwa na ubaridi na nusu giza, madirisha membamba, na sanamu ya Mama Maria iliyovunjika pua. Chini palikuwa udongo. Padri mmoja aliahidi saruji, wanawake wakakataa. Sakafu ndiyo ilikuwa nadhiri yao: mwenye shida aliisiriba yote peke yake, kutoka altareni hadi mlangoni, na hakuinuka mpaka amalize.

Nilikuwa darasa la pili. Mdogo wangu Mwita, aliyekuwa bado ananyonya, alishikwa na homa ambayo dawa za zahanati hazikuiweza. Tulitoka Susuni alfajiri, mama na ndoo ya mavi kichwani, mimi na Mwita mgongoni. Mabenchi yalikwisha kutolewa nje. Nikakaa kizingitini, nimempakata, anaunguza kama jiko.

Bibi Bhoke, mtunza funguo, alichungulia. "We Mama Ghati, unasiriba kama askofu anakuja kulala hapa!"

"Shikamoo, bibi. Naanzia miguuni pa Maria, asije akasema hakuniona."

Wakacheka.

Mama alipofika katikati, Mwita alishusha pumzi ndefu, akatulia. Baada ya muda nikamgusa paji la uso.

"Mama, amepoa!" Nilifurahi kweli.

Mama aligeuka, akamtazama. Bibi Bhoke naye aliinama, akamwekea mkono kifuani.

"Inuka, mwanangu," alimwambia mama. "Inatosha."

"Bado huku."

Akaendelea. Alirudia palepale alipokwisha kusiriba, polepole, kiganja baada ya kiganja. Nilidhani anashukuru. Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu mwenyewe: alijua, na alijua kwamba sakafu ikiisha, itabidi amshike.

Hatimaye alinifikia mlangoni. Bibi Bhoke alimmiminia maji, akanawa, akajifuta kwa kitenge.

"Nipe," alisema.

Nikampa.