Baiskeli Nje ya Hema

Tulipofika kijijini hapakuwa na nyumba ya mtumishi, tukapewa hema. Mume wangu alikuwa bwana shamba. Mimi nilikuwa mke wa miezi michache, na wote wawili tulitoka kusini, mbali kabisa na Hanang. Wilayani walisema nyumba ingejengwa kabla ya mvua. Mvua zilikuja, nyumba haikuja.

Hema lilikuwa la turubai la kijani lenye viraka. Ndani mlikuwa na kitanda, meza, sanduku letu la nguo, na magunia ya mbegu za mahindi ambayo hayakutakiwa kuguswa na unyevu. Nafasi iliyobaki ilimtosha mtu mmoja kusimama. Baiskeli ililala nje, imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo upande wa vichwa vyetu. Upepo ukishuka mlimani, kengele ililia yenyewe na mume wangu akashtuka na kuuliza, "Nani?"

Aliipenda ile baiskeli. Alipewa kazini ikiwa mpya, yenye dainamo na siti ya ngozi ya kahawia. Kila asubuhi, kabla sijawasha moto, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuifuta umande, spoki moja baada ya nyingine, kwa kipande cha kanga yangu kuukuu. Siti aliniamuru niipake mafuta ya ng'ombe, ngozi isije ikapasuka. Nikimaliza alikuja kukagua kwa kidole. Akikuta kutu, alikipangusa kidole kile shavuni mwangu, kisha akaenda kunywa chai.

Hema letu lilikuwa mwisho wa mstari wa nyumba mpya. Watu walikuwa wameteremshwa kutoka miteremkoni mwaka ule ule, na wengine waliona mapaa ya nyumba zao yakibomolewa na mgambo ili wasirudi. Hawakuwa na sababu ya kumpenda mtu aliyekuja na baiskeli ya serikali kuwafundisha kupanda mahindi kwa mistari iliyonyooshwa kwa kamba. Nilipowaamkia waliitikia, na hapo maneno yakaisha.

Jirani yetu wa karibu tu ndiye aliyekuja kutusalimia. Alikuwa mzee mwenye mvi, mkulima, aliyeishi na mkewe na ndama wawili ndani ya nyumba moja. Nilimpa shikamoo, akaniletea maziwa kwenye kibuyu. Jioni moja, jua likiwa bado lipo, alisimama mbele ya baiskeli, akagusa siti, akanusa vidole vyake.

"Bwana shamba," alisema, "hii usiache nje. Huku fisi anakula ngozi. Viatu anakula, kamba ya ng'ombe anakula. Sasa hii mmepaka mafuta. Atakuja."

Mume wangu alicheka. "Niiweke wapi, mzee? Kitandani?"

"Weka kwangu. Ndama watasogea."

"Baiskeli ya serikali ilale na ndama?"

Mzee alimtazama kidogo, akachukua kibuyu chake, akaondoka.

Hazikupita siku nyingi. Jioni moja mume wangu aliishusha siti kidogo, na nati akaikaza kwa vidole tu, kwa sababu spana ilikuwa chini ya magunia na hakutaka kuyahamisha. Usiku ule mvua ilinyesha kwa upepo mkali, kengele ikalia mpaka akachoka kuuliza nani. Asubuhi siti haikuwepo. Lilibaki tundu la bomba, limejaa maji.

Alisimama kwenye tope akiwa na fulana. Mimi nilitazama chini nione nyayo, lakini mvua ilikuwa imefuta kila kitu. Yeye hakutazama chini.

"Mzee," alisema.

"Mzee alituonya tu," nikamwambia.

"Na alijuaje?"

Jua lilipopanda alikuwa amemleta mwenyekiti wa kijiji na mgambo wawili. Mzee alitolewa nyumbani kwake akiwa bado na ugali mkononi. Watu walisimama mbali, wakitazama.

"Ulijuaje kwamba siti yangu itaondoka?" mume wangu alimuuliza.

"Nilisema fisi."

"Fisi ana spana?"

Mgambo walicheka. Mwenyekiti naye akacheka, akiangalia kama mume wangu anaona kwamba anacheka.

"Mimi siti nafanyia nini?" mzee alisema. "Mimi sina baiskeli."

Mume wangu alisema hayo atayaeleza polisi Katesh. Na kwa kuwa baiskeli isiyo na siti haiendeshwi, aliyeiba siti ataibeba. Wakamvisha fremu shingoni, gurudumu moja mbele na jingine nyuma, pedali ikimchoma kifuani. Alijaribu kuishika kwa mikono yote miwili, mgambo mmoja akamwambia aiteremshe mikono atembee kama mtu. Mkewe aliwafuata mpaka nyumba ya mwisho, akarudishwa. Akirudi alipita karibu yangu, hakunitazama.

Nilikwenda kutafuta kuni korongoni kwa sababu sikuweza kukaa hemani. Huko niliikuta siti. Ngozi ilikuwa imeliwa karibu yote, zimebaki springi, vyuma, na bomba lake lililochomolewa kutoka kwenye ile nati ya vidole. Vipande vya ngozi vilivyosalia vilikuwa na matundu ya meno. Kando yake palikuwa na mavi ya fisi, meupe kama chokaa. Niliacha kuni, nikaichukua siti na kwenda mbio kwa mwenyekiti.

Aliigeuza mkononi. "Mama," alisema kwa upole, "mimi nitabaki hapa na bwana shamba hata ukiondoka wewe. Mngoje arudi, umwonyeshe mwenyewe."

Mume wangu alirudi kesho yake jioni, akiendesha, siti mpya chini yake. Mzee walimbakiza mahabusu. Nilimwonyesha vile vyuma. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza kitu kimoja.

"Nani mwingine ameviona?"

Nilipomwambia, alivichukua, akatoka navyo. Nilisikia vikigonga ukuta wa shimo la choo.

Mkutano wa kijiji ulikuwa siku mbili baadaye, kuhusu mbegu na ekari ambazo kila kaya ilitakiwa kulima. Mume wangu alihutubia. Alipomaliza nilisimama upande wa wanawake, nikasema siti ililiwa na fisi, kwamba nimeiona korongoni, kwamba mwenyekiti ameishika kwa mikono yake, na kwamba sasa imo chooni kwetu, anayetaka akaangalie. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alikohoa, akafunga mkutano.

Nilipofika hemani sanduku langu lilikuwa nje kwenye tope, sufuria zimepangwa juu yake. Mume wangu alikuwa akiisukuma baiskeli kuingia ndani. Ilitosha pale nilipokuwa nasimama mimi, ikiegemea kitanda upande wangu.

"Kumbe nafasi ilikuwepo," alisema, akafunga turubai.

Mke wa mzee alikuja kulichukua sanduku. Hakunisalimia, alijitwika tu kichwani na kwenda nalo kwake. Usiku ule nililala na ndama. Asubuhi, nilipoanza kumshukuru, alinikatisha.

"Sijakuchukua kwa kukupenda," alisema. "Nimekuchukua mumeo akuone kila akitoka."

Mzee aliachiwa baada ya siku kadhaa, bila kesi na bila neno. Bega lake la kulia lilikuwa limevimba na kugeuka rangi, na mkono ule haukunyanyuka tena kupita kiuno. Nilimwamkia, akasema marahaba, akageukia ukuta.

Msimu ulipofika hakuweza kushika jembe. Mume wangu alipita kukagua mashamba na kumsema mzee mbele ya watu kuwa ni mvivu, anayekwamisha maendeleo ya kijiji. Mgambo walitajwa. Basi tukalima sisi, mkewe na mimi, ekari yote, tukapanda mahindi na maharage kwa kamba, kama bwana shamba alivyotaka. Hatukuzungumza sana. Mara moja tu, tukiwa tumeinama, aliniuliza kama kwetu wanaume wote wako hivyo. Nilisema hapana. Akasema, "Kwa hiyo ulichagua."

Niliendelea kulima.

Baada ya mavuno lori lilikuja kuchukua mahindi ya kijiji. Dereva alikubali nipande juu ya magunia mpaka Singida. Mke wa mzee alinipandishia sanduku. Mzee alikuwa ameketi mlangoni, mkono umelala mapajani, akiwafukuza kuku kwa mguu.

"Hutarudi," mkewe alisema.

"Sitarudi."

"Vizuri," alisema, akampigia dereva kelele aondoke.