Shikamoo Niliyokataa Kuifuta

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue buibui lisije likanaswa na mashine. Nikamjibu Bwana Msimamizi, "Basi mashine ndiyo isogee." Nilikuwa binti wa Kisauni, wa nyumba ya wafanyabiashara wa Kiswahili, ndiyo kwanza nimeajiriwa kwenye kiwanda cha kupiga chapa kule Changamwe, na ulimi wangu haukuwa na breki. Wakanipa meza ya pembeni, mbali na mashine.

Kazi yangu ilikuwa usahihishaji. Enzi hizo herufi zilikuwa za madini ya risasi, zikipangwa moja moja kwa mkono, kisha hutolewa karatasi ya kujaribia tuliyoiita prufu. Msahihishaji huisoma na kutia alama palipokosewa kabla kitabu hakijachapwa. Nyinyi mnaofuta neno kwa kidole hamjui macho ya mpangaji herufi ukimwambia avunje mstari kwa ajili ya koma. Lakini kilichonichosha si koma, ni hadithi zenyewe. Mswahili muungwana, Mgiriama mtumishi, mtu wa bara mjinga au mwizi. Kitabu baada ya kitabu! Nikasema basi, nitaandika changu.

Nikakiandika. Ndani yake mlikuwa na Mbodze, mama wa Kigiriama auzaye tembo la mnazi, na hakuwa mpita njia. Hadithi ilikuwa yake. Desturi yangu ilikuwa kumsomea kwanza mtu anayefanana na niliyemwandika, kabla mkubwa yeyote hajaona. Kwa hiyo nilimsomea Mama Kadzo, jirani yetu Mgiriama, ambaye naye aliuza tembo. Alisikiliza sura nzima, kisha akaguna.

"Huyu mtu wako mbona hatukani? Mimi mtu akinimwagia tembo langu, namtukana hadi wazee wake walioko kaburini."

Nikamtia Mbodze matusi. Akapendeza zaidi.

Mhariri Mkuu, Mzungu aliyejifunza Kiswahili vitabuni, alikipenda kitabu isipokuwa mahali pamoja. Mke kijana wa nyumba kubwa ya Waswahili anakutana na Mbodze kisimani, anamwambia, "Shikamoo, mama."

"Wasomaji wa pwani hawatakubali," akasema. "Mke wa nyumba kama ile hamwamkii muuza pombe. Futa neno hilo, nitachapa."

"Kwa umri Mbodze ni sawa na mamake, bwana."

"Ni neno moja tu."

"Kama ni moja tu, liache."

Wakati ule kiwanda kilikuwa kikiwaalika waandishi wazungumze na watu katika ukumbi wa Changamwe. Akaniambia nikasimame pale nitangaze kwamba mahali pale pamerekebishwa. Nisipotangaza, kitabu nitarudishiwa, na kazi basi.

Ukumbi ulijaa: makuli wa bandarini, watu wa reli, walimu. Safu ya mbele aliketi Ami Salim, mdogo wa baba, aliyenilea tangu baba alipofariki. Sikutangaza lolote. Niliwaambia nimechoka na vitabu ambamo majirani zetu Wagiriama na watu wa bara huingia kubeba maji tu. Kisha nikawasomea ukurasa ule wa kisimani.

Wee! Kulizuka kelele. Kuli mmoja wa bara akapiga ukelele, "Soma tena!" Mwalimu mmoja akasema nimetukana Waswahili. Ndipo Ami Salim aliposimama, na watu wakanyamaza.

"Mwanangu, wewe wajitungia, lakini watu watadhani ndivyo tulivyo. Mtoto wa nyumba yetu ampe shikamoo muuza tembo? Sema hapa hapa kwamba utaifuta."

Nilimpenda mzee yule, wallahi.

"Ami, Mama Kadzo namwamkia kila asubuhi, na wewe wanisikia, uko barazani. Sifuti."

"Basi mimi usiniamkie tena."

Akatoka. Jumatatu yake nikaachishwa kazi.

Nikavuka kwenda Likoni, upande wa Bofu, nikafundisha watu wazima kusoma. Ukumbi wowote ulionifungulia mlango nilikwenda na kitabu changu mkononi, hakijachapwa. Kila mahali waliniuliza, "Nani kakuruhusu kutuandika?" Nikawajibu, "Hakuna. Ndiyo maana nimekuja mbele yenu. Nimekosea wapi?" Walinionyesha, bila huruma! Nilipokubali nilirekebisha, nisipokubali tulibishana mpaka mlinzi akataka kufunga.

Uhuru ulipofika, Mzungu aliondoka. Mkurugenzi mpya wa kiwanda, mwenzetu, akakisoma kitabu changu, akaniita.

"Mama, kitabu kizuri. Ila sasa sisi ni taifa moja. Toa Ugiriama wake, andika 'mama mmoja' tu."

"Yule wa kwanza alitaka nimnyime heshima," nikamwambia, "nawe wataka nimnyime kwao. Mwenyewe abaki na nini?"

Akachukua kalamu, akatia sahihi kichapwe. Kikachapwa, shikamoo ikiwa mahali pake.

Sasa nimestaafu, na vijana waandishi hunijia na hofu zao: bibi, watakasirika. Naam, watakasirika! Wakaribishe waje wakasirike mbele yako. Lakini usikubali mkubwa akuchagulie nani astahili kuamkiwa. Wala sitawadanganya kwamba ni bure. Ami Salim aliishi miaka mingi baada ya siku ile. Kila nilipopita barazani kwake nilimwamkia, na hakuniitikia hata mara moja. Nilikuwa nikifika nyumbani nalia.

Siku ya matanga yake, Mama Kadzo alikuja, kazeeka, na kapu la nazi kichwani. Wazee wa ukoo mzima walikuwa wamejaa barazani, na yeye akasita hapo nje, hajui kama aingie. Nikatoka ndani, nikasimama katikati yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema. Akavua ndara zake, nikampisha kwenye mkeka.